Utafiti wa siasa za kimataifa kwa mwanafunzi: anza na kura moja

Nikiwa mwaka wa tatu nilimpelekea msimamizi wangu mada iliyosomeka "Uhusiano wa China na Afrika katika karne ya 21". Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akanirudishia karatasi ikiwa na neno moja la wino mwekundu: "Wapi?" Nilinuna wiki nzima. Siku hizi wadogo zangu ndio wananiletea mada zao niwasomee, na kila mwaka wa masomo ukianza inakuja ileile, imebadilisha kanga tu: "Vita vya Ukraine na athari zake kwa Afrika". Afrika ipi? Athari gani, kwa nani, kuanzia lini?

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, au wa uzamili anayeanza, mwenye kompyuta ya kuazima na bando la wiki. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: namna nchi za Afrika Mashariki zilivyopiga kura Umoja wa Mataifa mwaka 2022 kuhusu Ukraine. Ukiwa na mfano wako, weka wako.

Hatua ya 1: Tafuta tukio, mada itakuja baadaye

Tukio lina tarehe, lina mahali, na lina watu waliofanya jambo ambalo wangeweza kutolifanya. Hilo la mwisho ndilo linalokupa cha kueleza.

Tarehe 24 Februari 2022 majeshi ya Urusi yaliingia Ukraine kwa uvamizi mkubwa. Kesho yake Urusi ilizuia azimio la Baraza la Usalama kwa kura ya turufu. Tarehe 27 Baraza hilo likaitisha kikao maalumu cha dharura cha Baraza Kuu, kwa utaratibu uliowekwa mwaka 1950 ambao turufu haiufungi, na tarehe 2 Machi Baraza Kuu likapiga kura kuitaka Urusi iondoe majeshi yake. Nchi 141 zilisema ndiyo. Tano zilisema hapana: Urusi, Belarus, Korea Kaskazini, Syria na Eritrea. Nchi 35 zilijizuia. Jumlisha: 181. Wanachama wa Umoja wa Mataifa ni 193, kwa hiyo 12 hazikupiga kura kabisa. Zoea kujumlisha hivi kila unapokuta hesabu ya kura. Utashangaa ni makala ngapi za magazeti hazifikii 193 wala hazisemi nchi nyingine zimepotelea wapi.

Sasa tazama nyumbani. Siku hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa na wanachama sita. Kenya na Rwanda zilisema ndiyo. Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini zilijizuia. Wanakaa meza moja Arusha, na New York wamegawanyika wawili kwa wanne. Hapo pana utafiti.

Na pana mtego pia. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo nayo ilisema ndiyo, lakini ilisaini mkataba wa kujiunga na Jumuiya tarehe 8 Aprili 2022, zaidi ya mwezi baadaye. Ukiandika "nchi saba za Jumuiya zilipiga kura" umekosea kabla hujaanza, na mtahini mmoja atalishika hilo alitafune kikao kizima.

Kabla hujaendelea, jiulize kama tukio lako linaonekana. Februari 2025 Raila Odinga alishindwa uchaguzi wa mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika. Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti alishinda katika duru ya saba. Wanafunzi kadhaa walinijia na swali "Nani alimsaliti Raila?" Swali tamu kwa kijiwe cha kahawa. Kwa tasnifu halifai, kwa sababu kura ile ni ya siri na hakuna karatasi popote inayoonyesha nchi gani ilimpa nani. Unaweza kuchunguza kampeni yake, ziara, hotuba, ahadi, hata matamko ya jumuiya za kikanda kabla ya kura. Usaliti huwezi. Kura ya Baraza Kuu kuhusu Ukraine, kwa upande mwingine, ilionekana ubaoni, jina la nchi na taa yake.

Hatua ya 2: Uliza swali linaloweza kukukatalia

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Mwanafunzi anaandika swali ambalo jibu lake analo mfukoni tayari, kisha anatafuta nukuu za kulipamba. "Je, kutofungamana na upande wowote kumeathiri kura ya Tanzania?" Ndiyo, kumeathiri, asante, kwaheri.

Chukua daftari, ligawe kurasa mbili. Kushoto andika sababu unayoidhania. Kulia andika ungeona nini kama sababu hiyo ni kweli, kisha tazama kama kweli unakiona. Tujaribu.

Kushoto: Tanzania ilijizuia kwa sababu ni mwanachama wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, umoja wa nchi zilizokataa kuegemea Magharibi au Mashariki wakati wa Vita Baridi. Kulia: basi wanachama wenzake nao wangejizuia. Lakini Kenya ni mwanachama, Rwanda ni mwanachama, na zote zilisema ndiyo. Uanachama peke yake umeshindwa kueleza. Usilie, umejifunza kitu asubuhi moja bila kutumia hata nauli.

Kushoto: ngano. Tunanunua ngano ya Urusi, hatutaki kuudhi muuzaji. Kulia: basi anayenunua ngano hiyo asingeinyooshea Urusi kidole. Kenya nayo ilikuwa ikinunua ngano Urusi na Ukraine. Tena imeshindwa, au angalau haitoshi.

Kushoto: silaha. Uganda ilinunua ndege sita za kivita aina ya Sukhoi kutoka Urusi mwanzoni mwa muongo wa 2010. Hapa pana uzito, kwa Uganda. Kwa Tanzania je? Ukiona sababu inafanya kazi nchi moja na inagoma nyingine, usiitupe. Andika kwamba huenda nchi mbili zimefika mlango mmoja kwa njia mbili.

Kushoto: Kenya ilikuwa ndani ya Baraza la Usalama kwa kipindi cha 2021 na 2022. Usiku wa 21 Februari, siku tatu kabla ya uvamizi, balozi wake Martin Kimani alisimama akaeleza kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa na wakoloni, na kwamba nchi zetu zilikubali kuishi nayo badala ya kuifukuzia damu. Nchi iliyokwisha kusema hayo mbele ya dunia nzima ingejizuiaje siku tisa baadaye? Hii ni dhana nzuri kwa sababu inaweza kupimwa: tafuta nchi nyingine zilizokuwa Barazani mwaka huo, uone kama kukaa pale kulizisukuma upande wowote. Gabon na Ghana zilikuwapo.

Swali letu sasa linaweza kuandikwa hivi: kwa nini Kenya na Tanzania, majirani wenye uhusiano unaofanana na Urusi katika mambo kadhaa, zilipiga kura tofauti tarehe 2 Machi 2022? Nchi mbili, siku moja. Msimamizi hawezi kuuliza "Wapi?"

Hatua ya 3: Usiishie kura moja

Kura moja inaweza kuwa bahati, haraka, au balozi aliyekwama kwenye lifti. Fungua jedwali kwenye kompyuta: mistari iwe nchi, safu ziwe kura. Maktaba ya kidijitali ya Umoja wa Mataifa ina kumbukumbu za kura za Baraza Kuu tangu 1946, bila malipo. Tafuta kwa namba ya azimio au kwa tarehe.

Kwa mfano wetu ongeza kura mbili. Tarehe 7 Aprili 2022 Baraza Kuu liliamua kuisimamisha Urusi katika Baraza la Haki za Binadamu: 93 ndiyo, 24 hapana, 58 zilijizuia. Na tazama: Kenya, ile ya hotuba ya mipaka, ilijizuia. Tanzania na Uganda zilijizuia. Burundi ikasema hapana. Tarehe 12 Oktoba 2022, kuhusu Urusi kujitwalia majimbo ya Ukraine, hesabu ilikuwa 143, 5 na 35: Kenya ikarudi kwenye ndiyo, Tanzania ikabaki palepale.

Ghafla picha imebadilika. Kenya "inayofuata nchi za Magharibi" haipo. Iko Kenya inayosema ndiyo mjadala ukiwa wa mipaka, na inayojiweka pembeni suala likiwa kumwadhibu mwanachama mmoja. Hiyo tayari ni hoja, na imetoka kwenye safu tatu za jedwali.

Neno kuhusu maneno. Vyombo vyetu vya habari huandika "nchi 35 hazikupiga kura", na wakati mwingine humaanisha zilizojizuia, wakati mwingine zilizokosekana. Ni vitu viwili. Anayejizuia amekuja, amekaa, amebonyeza kitufe cha tatu. Aliyekosekana hakubonyeza chochote, na sababu zake ni mbalimbali. Tarehe 2 Machi Venezuela haikupiga kura kwa kuwa ilikuwa imenyang'anywa haki hiyo kwa kutolipa ada ya uanachama. Ethiopia na Morocco nazo hazikupiga, bila kuwa na deni la namna hiyo. Kwenye jedwali lako weka N, H, J na X, na kwenye sura ya kwanza eleza kila herufi ina maana gani. Ukiandika kwa Kiswahili, kazi ya kunyoosha istilahi ni yako, na ukiifanya vizuri wanaokufuata watakushukuru.

Angalizo jingine: usiandike "nchi za Magharibi" kama mtu mmoja mwenye kichwa kimoja. Februari 2025, miaka mitatu baada ya uvamizi, Baraza Kuu lilipitisha azimio lililoletwa na Ukraine na nchi za Ulaya kwa kura 93. Miongoni mwa 18 zilizosema hapana ilikuwamo Urusi, na ilikuwamo Marekani.

Hatua ya 4: Wasikilize wanasema nini, kisha tazama wanasemea wapi

Kura inaonyesha nini kimefanyika. Sababu wanazozitoa wenyewe utazipata sehemu tatu.

Ya kwanza ni kumbukumbu za kikao. Baada ya kura au kabla yake, nchi huweza kutoa maelezo ya kura. Kumbukumbu hizi hutoka kwa lugha sita rasmi, na Kiswahili si mojawapo. Utatafsiri mwenyewe. Hifadhi maneno ya asili kwenye kiambatisho, maana tafsiri ya neno moja inaweza kuleta ugomvi. Na kama nchi haikutoa maelezo, usiyabuni. Ukimya si ushahidi wa chochote isipokuwa ukimya.

Ya pili ni Bunge. Kwa Tanzania, Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za majadiliano ya Bunge, inapatikana kwenye tovuti ya Bunge na iko kwa Kiswahili. Huu ni utajiri ambao mtafiti wa Ulaya anaandika kuhusu sisi bila kuugusa. Tafuta hotuba ya bajeti ya Wizara ya Mambo ya Nje, ambayo husomwa kila mwaka msimu wa bajeti, halafu usome michango ya wabunge baada yake. Hotuba imepigwa pasi. Michango ndiyo yenye mikunjo: mbunge anauliza wanafunzi wetu waliokwama Ukraine watarudi lini, mwingine bei ya mbolea, mwingine anamkumbuka Mwalimu. Linganisha maneno ya Dodoma na maneno ya New York. Yakitofautiana, una sura nzima.

Ya tatu ni sera zenyewe. Tanzania ilikuwa na Sera ya Mambo ya Nje ya 2001, iliyoweka mbele diplomasia ya uchumi, na toleo lake jipya lilizinduliwa Mei 2025. Kwa kura ya 2022 sera inayohusika ni ya 2001. Nimeshaona mtu akieleza kura ya 2022 kwa kunukuu waraka uliotoka miaka mitatu baadaye.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu sentensi inayonichosha kuliko zote ni hii: "Tanzania tangu uhuru imekuwa haifungamani na upande wowote, ndiyo maana ilijizuia." Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako walowezi wachache walikuwa wamejitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukasimama. Aprili 1968 iliitambua Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria, wakati karibu Afrika yote ilikuwa upande wa serikali ya Nigeria. Oktoba 1971 ilikuwa miongoni mwa nchi zilizowasilisha azimio lililoipa Jamhuri ya Watu wa China kiti cha Umoja wa Mataifa, Marekani ikiwa imekunja uso. Hiyo ndiyo Tanzania isiyofungamana: yenye upande kila mara, ila upande ilioamua yenyewe. Kwa hiyo kujizuia kwa 2022 hakuwezi kuelezwa kwa neno "desturi" tu. Huenda desturi imebadilika maana. Huenda wanaoitaja wanaikumbuka vibaya. Mwanafunzi anayeuliza lini kutofungamana kulianza kumaanisha kukaa kimya ana tasnifu ya uzamili mkononi.

Hatua ya 5: Machapisho na nadharia

Soma makala kumi vizuri kuliko hamsini kwa mihtasari. Anza na AJOL (African Journals Online), hazina ya mtandaoni ya majarida ya Afrika, na muulize mkutubi chuo kinalipia hazina gani. Watu hawamuulizi mkutubi, sijui kwa nini. Yeye ndiye mwenye nywila.

Unaposoma, usiandike "Fulani anasema hivi, Fulani anasema vile" kama orodha ya wachangiaji wa harusi. Panga waandishi kwa sababu wanazozitoa: wa silaha na biashara huku, wa historia ya ukombozi huku, wa shinikizo la ndani kule. Kisha onyesha kundi gani halijaeleza safu zako tatu.

Nadharia ni miwani. Uhalisia utakuonyesha nguvu na hofu, uliberali utakuonyesha taasisi na biashara, na wale wanaosema maslahi hujengwa kwa mawazo na utambulisho watakuonyesha hotuba ya Kimani. Chagua moja au mbili zinazogombana kuhusu swali lako. Kuzitaja zote ni kujaza kurasa.

Hatua ya 6: Kibali, na kumwendea mzee

Kama utahoji watu, anza na barua ya utambulisho ya chuo. Uliza mapema kama kazi yako inahitaji kibali cha utafiti cha tume ya taifa ya sayansi na teknolojia: COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya. Zanzibar ina utaratibu wake. Mapema maana yake ni kabla hujakata tiketi. Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2022, Kenya ya 2019, kwa hiyo majina ya uliowahoji yakae faili tofauti na majibu yao.

Ofisa aliye kazini atakupa maneno ya taarifa kwa vyombo vya habari, na usimlaumu, ana kazi ya kulinda. Mabalozi wastaafu ndio wanaozungumza. Wana muda, wana kumbukumbu, na wengi wanafurahi kuona kijana anauliza. Ujumbe wa kwanza uwe mfupi:

"Shikamoo Mheshimiwa Balozi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya siasa. Ninaandika kuhusu namna Tanzania na Kenya zilivyopiga kura Baraza Kuu mwaka 2022. Naomba nusu saa yako, siku na mahali panapokufaa. Sitarekodi bila idhini yako, na jina lako halitatokea kama hutapenda. Nimeambatanisha barua ya chuo na maswali matano. Natanguliza shukrani."

Ukifika, usianze na "kwa nini". Kwa nini inamfanya mtu ajitetee. Anza na "ilikuwaje": maelekezo ya kura hufikaje New York, nani huandika rasimu, inakuwaje maelekezo yakichelewa? Akieleza mchakato, sababu zitadondoka zenyewe katikati ya sentensi. Akisema "hili usiliandike", weka kalamu mezani aione. Ukitoka, kaa kwenye kibaraza au kituo cha daladala uandike yote uliyoyakumbuka kabla hujapanda gari. Nilishawahi kusema nitaandika nikifika nyumbani. Foleni ilikula nusu ya mahojiano.

Hatua ya 7: Vyanzo vinavyodanganya

Video ya WhatsApp si chanzo. Inaweza kuwa kitu cha kuchunguza, kama unataka kujua watu walisambaza nini. Programu za akili mnemba zitakupa jedwali la kura zuri ajabu, lenye nchi mbili zimewekwa safu isiyo yao. Nimelijaribu hilo zaidi ya mara moja. Zitumie kukusaidia kutafuta, kisha kila herufi kwenye jedwali uihakiki kwa kumbukumbu rasmi, nchi moja baada ya nyingine. Nchi sita kwa kura tatu ni seli 18. Ni kazi ya saa moja.

Kuhusu maoni ya wananchi, Afrobarometer hufanya tafiti za maoni katika nchi nyingi za Afrika na data zake ziko wazi. Lakini soma hojaji kwanza, uone swali liliulizwaje na mwaka gani. Asilimia bila swali lake ni uvumi wenye desimali.

Hatua ya 8: Kuandika

Anza na jedwali na aya inayolieleza. Utangulizi uandikwe mwisho, ukishajua umepata nini. Pitia kila sentensi yenye "Tanzania inaamini" au "Kenya iliona" na uulize: nani? Rais, waziri, ujumbe wa New York? Kama hujui, andika kwamba kura ilipigwa, usiseme iliaminiwa.

Dhana zilizoshindwa ziache ndani. Ile ya uanachama, ile ya ngano, zipe aya zao na ueleze zimeshindwa wapi. Mtahini akiona umejaribu kujipinga mwenyewe, anabaki na maswali machache ya kukupinga.

Siku ya utetezi nenda na kurasa za kumbukumbu za kura zote tatu zimechapwa, na mistari ya nchi zako imepigwa rangi. Mmoja wa jopo atauliza una uhakika gani kwamba Kenya ilijizuia Aprili, kwa maana yeye anakumbuka vingine. Mpe karatasi, mwache asome.